Namna ya Kumsikiliza Vin Scully na Kuelewa kwa Nini Mashabiki Walimpenda Hivyo

Vin Scully alitangaza mechi za besiboli za timu ya Dodgers kwa misimu 67. Alianza mwaka 1950, timu ilipokuwa ingali Brooklyn, akastaafu mwaka 2016 huko Los Angeles akiwa na umri wa miaka 88. Alipofariki tarehe 2 Agosti 2022, mashabiki walikwenda kuweka maua kwenye bango lililo mlangoni mwa uwanja, na wengi walimlilia kama mtu anavyomlilia mzee wa nyumbani kwao, ingawa hawakuwahi kukutana naye ana kwa ana. Asiyeujua mchezo huu ana haki ya kuuliza: mtu ambaye hakurusha mpira wala hakushika gongo alipendwaje kuliko karibu kila mchezaji aliyewahi kuvaa jezi ya timu hiyo? Orodha ya tuzo zake haitoi jibu, na wala maelezo yangu hayatoshi. Jibu limo katika sauti yenyewe, na kwa bahati njema rekodi zake nyingi zinapatikana kwenye intaneti. Haya ni maelekezo ya namna ya kuzisikiliza kwa mpangilio utakaokufikisha pale mashabiki walipo.

Kwanza jipatie ujuzi mdogo wa mchezo, nao usizidi kiasi. Inatosha kujua kwamba mrushaji hutupa mpira na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Kwamba mpigaji mwenye straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha ipite, ametoka. Kwamba kila upande ukishatolewa wachezaji watatu, zamu inahama. Na kwamba mechi ya kawaida ina vipindi tisa vya namna hiyo, vinavyoitwa inningi. Mpira ukipigwa hadi ukavuka uzio, hiyo ni homurani, na mpigaji anazunguka besi zote, yaani vile vituo vinne vya kukimbilia uwanjani, kwa raha zake na kuipatia timu yake alama. Jambo moja tu katika kanuni hizo linahitaji kukaziwa, kwa kuwa ndilo lililomjenga Scully. Mchezo huu haukuwa na saa ya kuuharakisha katika zama zake zote, na muda mwingi wa mechi mpira hauko hewani hata kidogo: mrushaji anajifuta jasho, mpigaji anarekebisha glovu, mdakaji anatoa ishara kwa vidole. Aliyezoea kusikiliza mpira wa miguu redioni, ambako mtangazaji hukimbizana na mpira kwa pumzi moja, atashangaa kukuta kwamba kazi ya mtangazaji wa besiboli ni kukaa na msikilizaji katika nafasi hizo tupu. Tena hukaa naye karibu kila siku tangu Aprili hadi Oktoba, maana msimu mmoja una mechi 162.

Sasa tafuta rekodi ya inningi ya tisa ya tarehe 9 Septemba 1965, Dodgers dhidi ya Chicago Cubs, na uanze nayo. Usiku huo Sandy Koufax, mrushaji wa Dodgers, alirusha mchezo kamili, yaani hakuna mpigaji hata mmoja wa upande wa pili aliyefika kwenye besi, na Dodgers wakashinda 1–0. Ni matangazo ya redio, kwa hiyo picha yote inatoka kinywani mwa mtu mmoja. Isikilize mara ya kwanza bila kuandika chochote, ufuate tu kisa. Mara ya pili shika kalamu, uandike kila kitu anachokutajia ambacho si mpira: Koufax akijishika kofia, akijifuta mkono kwenye suruali, mashabiki wakianza kunung'unika, na kile kilima kidogo anachosimama mrushaji, ambacho Scully alikiita mahali penye upweke kuliko pote duniani. Utagundua kwamba ukurasa wako umejaa, na kwamba hakuna neno hata moja lililowekwa kwa ajili ya kujionyesha.

Zingatia pia kwamba anataja saa, tena zaidi ya mara moja. Scully alikuwa na desturi ya kutaja tarehe na saa mrushaji anapokaribia jambo kubwa, ili rekodi imbakie mchezaji kama kumbukumbu ya maisha. Mtangazaji aliyekuwa akifikiria, katikati ya msisimko ule, zawadi ya mtu mwingine: hapo ndipo mimi nilipoanza kuelewa. Na mpigaji wa mwisho, Harvey Kuenn, anapokosa mpira, acha kalamu na utazame saa yako. Scully anatangaza kwamba ni mchezo kamili, kisha ananyamaza kwa sekunde 38, na redio inabaki na shangwe za watu peke yake. Anaporudi, anasema kwamba ubao wa matokeo unaonyesha saa 3:46 usiku katika Jiji la Malaika, yaani Los Angeles, na kwamba watu 29,139 wameshuhudia.

Kimya hicho kina asili yake, na ni vema uijue kabla ya kuendelea. Scully alizaliwa mwaka 1927 huko Bronx, New York, na alipokuwa mtoto nyumbani kwao kulikuwa na redio kubwa yenye miguu minne. Alikuwa akijipenyeza chini yake na kulala pale, spika ikiwa juu ya kichwa chake, ili kelele za umati zimmwagikie kama maji. Kwa hiyo aliponyamaza baadaye akiwa mtangazaji, hakuwa amekosa la kusema, bali alikuwa akimpa msikilizaji kile alichokipenda yeye mwenyewe kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiwa na hilo moyoni, nenda kwenye rekodi mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ya tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, pale Hank Aaron wa Atlanta Braves alipopiga homurani yake ya 715 na kuivuka rekodi ya Babe Ruth ya homurani nyingi zaidi katika maisha ya mchezaji. Mrushaji wa mpira huo alikuwa wa Dodgers, Al Downing, na Scully alikuwa akiitangazia timu iliyofungwa. Sikiliza jinsi anavyoondoka kwenye kipaza sauti na kuwaachia watu nafasi washangilie, na jinsi anavyosema, anaporejea, kwamba mtu Mweusi anapigiwa makofi na watu waliosimama kwa heshima yake katika Kusini ya Marekani kwa kuvunja rekodi ya shujaa wa besiboli wa zama zote. Aaron alikuwa amepokea vitisho na barua za chuki kwa miezi mingi. Scully hakuhubiri. Alilisema lililokuwa mbele ya macho yake, kwa sentensi chache, na hakuna aliyelisema vizuri zaidi usiku ule.

Ya pili ni ya televisheni, tarehe 15 Oktoba 1988, mechi ya kwanza ya fainali za World Series dhidi ya Oakland. Kirk Gibson, aliyeumia miguu yote miwili, anaingia akichechemea Dodgers wakiwa nyuma 4–3, wawili wameshatoka, na anaipiga homurani ya ushindi kwa mpira wa Dennis Eckersley. Hapa usisikilize maneno tu, tazama pia. Baada ya mpira kuvuka uzio Scully ananyamaza kwa zaidi ya dakika moja, anaziachia kamera kazi, ndipo anaposema ile kauli inayonukuliwa hadi leo, kwamba katika mwaka uliojaa mambo yasiyotarajiwa, lisilowezekana limetokea. Linganisha na ile ya Koufax: redioni alichora kila kitu, kwenye televisheni alipunguza maneno kwa kuwa macho yako yalikwisha kuona.

Wengi huishia kwenye rekodi hizo maarufu, na hilo ni kosa ninalokusihi usilifanye. Mapenzi ya mashabiki hayakuzaliwa katika usiku mkubwa. Yalizaliwa katika mechi za kawaida za katikati ya wiki ambazo hakuna anayekumbuka zilivyokwisha. Kwa hiyo tafuta mechi nzima ya kawaida, ya mwaka wowote, iwe ndefu na isiyo na sifa, uifungulie jioni ukiwa na kazi ya mikono: unapika, unapiga pasi, au unaendesha gari. Usiikodolee macho wala usiharakishe sehemu zinazoonekana tupu. Utamsikia akikukaribisha kwa salamu ya jioni njema popote ulipo, akikualika uvute kiti. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikaa peke yake kwenye kibanda cha kutangazia bila mwenzake wa kuzungumza naye, kwa hiyo mazungumzo yote yalielekezwa kwako. Atakusimulia mchezaji alikozaliwa na baba yake alifanya kazi gani, atakatiza hadithi mpira unaporushwa, kisha atairudia palepale alipoiachia.

Sikiliza pia lile asilolisema. Hasemi "sisi" anapoitaja Dodgers. Mwalimu wake, Red Barber, alimfundisha asiwe shabiki kwenye kipaza sauti na asiwaige watangazaji wengine, kwa sababu kitu pekee ambacho angeweza kukileta na mwingine asiweze ni nafsi yake. Mchezaji wa upande wa pili akifanya jambo zuri, Scully alilifurahia kwa sauti ileile. Mtu angedhani mashabiki wangemchukia kwa hilo, lakini ndivyo walivyomwamini: akisema mchezo ulikuwa mzuri, ulikuwa mzuri kweli.

Ukitaka kuona uaminifu huo ulivyofika mbali, soma habari za miaka ya 1958 hadi 1961, timu ilipohamia Los Angeles na kucheza katika uwanja wa Coliseum, ambao haukujengwa kwa besiboli na ambao viti vyake vingine vilikuwa mbali mno na mchezo. Watu waliingia uwanjani na redio ndogo za transista ili Scully awaeleze kile walichokuwa wakikitazama. Mwaka 1960 aliwaambia wasikilizaji kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory, akahesabu hadi tatu, na umati ukapaza sauti kwa pamoja kumtakia heri. Nyumbani nako redio ilitawala, kwa kuwa kwa miaka mingi mechi pekee zilizoonyeshwa kwenye televisheni mjini humo zilikuwa zile za ugenini mjini San Francisco. Waliozungumza Kihispania walikuwa na sauti yao pia, Jaime Jarrín kutoka Ecuador, aliyetangaza Dodgers tangu 1959 hadi 2022, na anayetaka kuelewa mji ule kikamilifu amsikilize naye.

Baada ya hapo ndipo usome kumbukumbu za mashabiki wenyewe. Utaona kwamba wanaanza na Scully na kumalizia kwa baba aliyekuwa akitengeneza gari na redio ikiwa imefunguliwa, au bibi aliyejifunza Kiingereza kwa sauti yake, au redio iliyofichwa chini ya mto na mtoto aliyetakiwa kuwa amelala. Usiseme wanatoka nje ya mada. Sauti ile ilikuwa ndani ya nyumba zao watu wao walipokuwa hai, na wakiisikia leo wanawasikia na wale waliokuwa wakiisikiliza pamoja nao.

Acha mwisho kabisa rekodi za Septemba na Oktoba 2016, kwa sababu hazina uzito kwa mtu asiyeyapitia haya mengine. Tarehe 25 Septemba, katika mechi yake ya mwisho nyumbani, Charlie Culberson alipiga homurani katika inningi ya 10 iliyowapa Dodgers ubingwa wa kundi lao, na baadaye Scully aliwachezea mashabiki wimbo aliouimba mwenyewe kuwashukuru, huku wachezaji wakimtazama juu kibandani. Mechi ya mwisho kabisa ilikuwa tarehe 2 Oktoba mjini San Francisco, dhidi ya Giants. Miaka 80 kamili kabla ya siku hiyo, mtoto Scully alipita mbele ya duka la dobi akaona matokeo ya World Series, Giants wamefungwa na Yankees 18–4, akawaonea huruma, na huruma hiyo ikamfanya apende besiboli. Sikiliza dakika za mwisho za mechi hiyo. Anasema ameshasema ya kutosha kwa maisha mazima, kisha anawatakia wote, kwa mara ya mwisho, mchana mwema.