Jinsi ya Kuwashirikisha Watazamaji wa Mtandaoni Katika Filamu Bila Kuwaachia Usukani

Mtazamaji wa filamu wa zamani alikuwa na kura moja tu, nayo ilikuwa tiketi. Akiipenda filamu alirudi na wenzake, akiichukia alikaa nyumbani, na kampuni iliyoitengeneza iliisoma hukumu yake siku kadhaa baadaye katika hesabu za mlangoni. Intaneti ambayo kila anayeitumia ni msomaji na mwandishi kwa wakati mmoja imempa mtazamaji huyo sauti kabla kamera haijawashwa, kionjo (kipande kifupi cha kuitangaza filamu) kinapotolewa, filamu inapoanza kuonyeshwa, na hata miaka mingi baada ya kutoka kwenye kumbi. Mwongozo huu unamlenga mtengenezaji wa filamu, hasa asiye na bajeti kubwa ya matangazo, anayetaka kuitumia sauti hiyo bila kumezwa nayo. Kanuni moja inaupitia wote: upime ushiriki wa mtazamaji kwa kile unachomgharimu yeye, yaani muda, fedha au safari, wala usiupime kwa kelele inayosikika.

Kabla ya kufungua ukurasa wowote, amua unamhitaji mtazamaji kwa kazi gani. Anaweza kueneza habari, kuchangia fedha, kutoa picha na sauti zitakazoingia katika filamu yenyewe, au kukuonyesha kasoro. Kila kazi ina maandalizi yake, na anayeomba zote nne kwa pamoja kwa kawaida hapati hata moja iliyokamilika.

Mpe mtazamaji kitu cha kuchunguza

Watengenezaji wa The Blair Witch Project, filamu ya kutisha iliyoingia kumbini mwaka 1999, walifungua tovuti mwaka mmoja kabla, wakaijaza mtiririko wa matukio, picha za ushahidi na historia ya mchawi wa msituni, kana kwamba wanafunzi watatu wa filamu walikuwa wamepotea kweli. Aliyeingia katika tovuti hiyo hakukutana na tangazo la kumbembeleza anunue tiketi. Alikabidhiwa jalada la upelelezi, akalisoma, kisha akaenda kubishana na wenzake kama mambo yale yalitokea au hayakutokea. Filamu iliyopigwa kwa makumi ya maelfu tu ya dola iliingiza karibu dola milioni 248 duniani kote.

Usiige uongo wake. Leo waigizaji wangetambuliwa kwa jina ndani ya dakika chache, na mtazamaji anayegundua kwamba amedanganywa huwa na hadhira yake mwenyewe ya kuilalamikia. Iga muundo wake: chukua sehemu ya ulimwengu wa hadithi isiyotosha ndani ya filamu, kama vile barua za mhusika, ramani, kumbukumbu za familia au rekodi za sauti, uitoe kidogo kidogo, na uache pengo ambalo mtazamaji atataka kulijaza kwa maneno yake. Ukimaliza kila kitu wewe mwenyewe, hana la kuongeza zaidi ya kusifu au kupita.

Tenganisha kelele na hitaji

Hapa ndipo kampuni kubwa, zenye wataalamu wa masoko wa kila aina, zimejikwaa mara nyingi. Mwaka 2006 jina pekee la filamu Snakes on a Plane lilitosha kuwasisimua watu mtandaoni. Wakatunga nyimbo, mabango na mizaha kwa miezi mingi kabla hawajaona chochote. Kampuni iliwasikiliza kiasi cha kurudi kupiga picha kwa siku tano zaidi ili kuongeza ukali ambao mashabiki walikuwa wakiudai. Filamu ilipotoka mwezi Agosti, mapato ya mwisho wa wiki ya kwanza nchini Marekani yalikuwa takriban dola milioni 15, kiasi cha kawaida kabisa kwa filamu iliyozungumzwa namna ile. Mizaha ilikuwa imekwisha kuwapa watu burudani waliyoitaka, na hawakuwa na sababu ya kuilipia tena.

Somo hilo halikushika. Mwaka 2022 filamu Morbius ilidhihakiwa sana mitandaoni baada ya kutoka kumbini, na dhihaka hiyo ikachukuliwa kama mapenzi. Mwezi Juni ikarudishwa katika kumbi zaidi ya 1,000 za Marekani, ikaingiza takriban dola 300,000 kwa siku tatu, yaani wastani wa dola 300 hivi kwa kila ukumbi. Sidhani kuna hesabu inayoonyesha waziwazi zaidi tofauti kati ya anayekutaja na anayekufuata.

Linganisha na Paranormal Activity ya mwaka 2009, filamu iliyotengenezwa kwa takriban dola 15,000. Ilianza kuonyeshwa katika miji michache yenye vyuo vikuu, kisha watazamaji wakaombwa waingie katika tovuti maalumu na kudai iletwe katika mji wao, huku kampuni ikiahidi kuisambaza nchi nzima madai yakifika milioni moja. Yalifika, ahadi ikatimizwa, na mapato ya dunia nzima yakakaribia dola milioni 193. Anayebonyeza kitufe cha kudai filamu katika mji anaoishi ametoa taarifa inayoweza kupangiwa ratiba ya kumbi, ilhali aliyecheka picha ya utani hajatoa taarifa yoyote.

Kwa hiyo, unapotaka kujua kama filamu yako inahitajika, omba tendo dogo lenye gharama. Omba mtu aandike mji wake na anwani yake ya barua pepe, aweke nafasi ya onyesho la kwanza, au awakusanye watu 20 watakaojaza chumba. Weka kiwango ambacho kikifikiwa utafanya jambo fulani, ukitangaze hadharani, na ukitimize. Orodha ya majina 400 iliyopatikana kwa njia hii inakusaidia kupanga maonyesho kuliko maoni 40,000 yaliyoandikwa chini ya kionjo.

Ukiomba fedha, umeuza ahadi

Kickstarter, jukwaa la mtandaoni la kuchangisha fedha za miradi, lilianza mwaka 2009, na miaka minne baadaye filamu Veronica Mars, iliyotokana na mfululizo wa televisheni uliokwisha kusitishwa, ilionyesha nguvu yake: lengo la dola milioni 2 lilifikiwa chini ya saa 12, na mwisho wa kampeni watu 91,585 walikuwa wamechangia takriban dola milioni 5.7. Kilichosahaulika upesi ni kilichotokea mwaka 2014, filamu ilipotoka. Baadhi ya wachangiaji walioahidiwa nakala ya kidijitali walipata taabu kuifungua kupitia huduma iliyochaguliwa, malalamiko yakaenea, na kampuni ikalazimika kuwarudishia fedha waliokuwa wameinunua kwingine. Filamu ilikuwa imekamilika na ilifika kwa wakati. Kilichokwama ni namna ya kumkabidhi mtu kile alichokwisha kukilipia.

Panga zawadi za wachangiaji kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Andika kila kitu utakachotuma, gharama ya kukitengeneza, gharama ya kukisafirisha na makato ya jukwaa, halafu ndipo uweke kiwango cha mchango. Zawadi zisizohitaji posta, kama vile jina katika orodha ya mwisho wa filamu, kikao cha mtandaoni na mwongozaji au nakala ya mswada, hazimfilisi mtu. Fulana na mabango ndiyo yanayokula bajeti ya uhariri. Ijaribu pia njia ya kukabidhi filamu yenyewe kwa watu kumi wenye simu na kompyuta za aina tofauti kabla ya siku ya kutolewa. Na tangu siku ya kwanza andika wazi kwamba mchango haumpi mchangiaji hisa wala haki ya kuamua hadithi, maana wapo watakaodhani hivyo usipowaambia.

Ukiomba picha, andaa ghala na mkataba

Mfano mkubwa ni Life in a Day. Watu duniani kote waliombwa warekodi maisha yao ya siku moja, tarehe 24 Julai 2010, na kuvituma vipande hivyo kupitia YouTube. Walituma vipande takriban 80,000 kutoka nchi 192, jumla ya saa 4,500 za picha, na mwongozaji Kevin Macdonald pamoja na mhariri Joe Walker wakazifanya filamu ya dakika 95. Ukikokotoa, kwa kila dakika moja iliyobaki, zaidi ya dakika 2,800 ziliachwa. Isingewezekana bila timu ya watu wanaojua lugha mbalimbali waliovitazama vipande, wakavipanga kwa mada na kuvipa alama kabla havijamfikia mhariri.

Maelekezo yalikuwa mafupi, na hilo ndilo la kuigwa: siku moja, na maswali machache kama vile unachokipenda na unachokiogopa. Ukisema "tutumie chochote" utapokea chochote. Taja urefu wa kipande, namna ya kuishika simu, na jambo moja la kuonyesha. Fomu ya kupokelea iwe na kibali cha kutumia picha, uthibitisho kwamba watu wanaoonekana wamekubali kuonekana, na onyo dhidi ya muziki wa watu wengine uliosikika nyuma, kwa kuwa kipande kizuri chenye wimbo wa redio kinaweza kukugharimu zaidi ya siku nzima ya kupiga picha. Mwambie kila mtumaji lini atajulishwa, na umjulishe hata kama kipande chake hakikuchukuliwa. Waliochukuliwa katika filamu hiyo walitambuliwa kama waongozaji wenza. Kuandika jina la mtu hakukugharimu kitu, naye atalionyesha kwa kila anayemfahamu.

Sikiliza lawama kwa kuzichuja

Kionjo cha kwanza cha Sonic the Hedgehog, filamu iliyotokana na mchezo wa video, kilitolewa tarehe 30 Aprili 2019, na kwa muda mfupi watazamaji walikuwa wamelikataa umbo la mhusika mkuu, meno yake hasa. Siku chache baadaye mwongozaji Jeff Fowler alikiri hadharani kwamba amesikia na kwamba umbo litabadilishwa. Tarehe ya kutolewa ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 14, 2020, na filamu hatimaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Lawama hizo zilistahili kusikilizwa kwa sababu zilihusu jambo moja, lililoonekana kwa macho, lenye kiwango cha kulinganishia ambacho ni mchezo wenyewe wa video, na wakati wa kulirekebisha ulikuwapo. Lawama isiyo na sifa hizo, kwa mfano inayodai mhusika fulani asife au mwisho uwe wa furaha, isome, uishukuru, na uendelee na kazi. Watazamaji ni mashahidi wazuri wa mahali wanapoumia. Dawa wanayoipendekeza mara nyingi si yenyewe.

Pia chunguza nani anasema. Kampeni ya kudai toleo la Justice League kama mwongozaji wake, Zack Snyder, alivyolikusudia, badala ya lile lililoonyeshwa kumbini, ilidumu tangu mwaka 2017 hadi toleo hilo lilipotoka Machi 2021, na ilikuwa na watu halisi, waliochangisha hata zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya kuzuia watu kujiua. Lakini habari zilizochapishwa mwaka 2022 zilieleza kwamba uchunguzi ulioagizwa na kampuni husika ulikuta angalau asilimia 13 ya akaunti zilizoshiriki mazungumzo hayo ni bandia. Upande wa alama nako kuna udanganyifu wake: mwaka 2019 Rotten Tomatoes, tovuti ya kukusanya maoni na alama za filamu, iliondoa maoni ya watazamaji ya kabla ya filamu kutolewa, kisha ikaanza kutenga alama za waliothibitika kununua tiketi, baada ya watu kuzishambulia filamu ambazo hazijaonekana na yeyote. Ukiona wimbi la alama mbaya, tazama kwanza tarehe, umri wa akaunti, na kama maelezo yanataja tukio lolote lililomo ndani ya filamu. Wimbi la sifa lichunguzwe vivyo hivyo, ingawa sijawahi kumwona mtayarishaji anayekumbuka kufanya hivyo.

Andika masharti ya mashabiki mapema

Mashabiki wakiipenda filamu wataikata, wataiga mavazi yake na watatunga hadithi zao kutokana nayo. Kimya chako watakisoma kama ruhusa. Mwishoni mwa mwaka 2015 Paramount na CBS, kampuni zenye haki za Star Trek, hadithi ya safari za anga ya filamu na televisheni, waliwashtaki watengenezaji wa Axanar, filamu ya mashabiki wa hadithi hiyo iliyokuwa imechangisha zaidi ya dola milioni moja. Kesi ikamalizwa kwa maelewano Januari 2017. Katikati ya mvutano huo, Juni 2016, kampuni hizo zilitoa mwongozo wa maandishi: hadithi moja isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, bila biashara, na michango isizidi dola 50,000. Wengi waliulalamikia ukali wake, na kwa maoni yangu malalamiko yalikuwa na haki, lakini ungetolewa miaka mitano mapema huenda kesi isingekuwapo.

Wewe unahitaji ukurasa mmoja tu. Eleza urefu wa kipande ambacho mtu anaweza kukitumia katika uchambuzi wake, kama anaruhusiwa kuuza michoro ya wahusika wako, sauti na muziki gani usiguswe kwa sababu si mali yako, na anwani ya kuombea kibali. Uuchapishe siku ileile unapotoa kionjo, na uweke mtu wa kujibu barua zitakazofuata.