Je, Nodi Mbili Bado Zinafikiana Nodi ya Tatu Ikizimika?

Tuseme una grafu, yaani nukta (nodi) zilizounganishwa kwa viungo, isiyo na mwelekeo (kila kiungo hupitika pande zote mbili) na iliyoungana yote, nawe unaulizwa mara nyingi mno swali la namna moja: je, nodi a na b bado zitafikiana endapo x itazimika? Kuondoa x na kupekua grafu upya kila mara hutoa jibu sahihi, lakini kazi hiyo hurudiwa bure, kwa kuwa upekuzi mmoja uliowekewa kumbukumbu nzuri hujibu maswali yote.

Hatua ya 1. Pekua grafu kwa kina (songa mbele hadi ukwame, ndipo urudi nyuma), ukiipa kila nodi namba ya zamu yake ya kufikiwa. Upekuzi huacha mti wa viungo ulivyovipitia kufikia nodi mpya; mtoto wa nodi ni ile iliyofikiwa moja kwa moja kutoka kwake, na tawi la nodi ni nodi hiyo pamoja na zote zilizo chini yake mtini. Hifadhi pia zamu ya mwisho iliyomo katika tawi la kila nodi.

Hatua ya 2. Kokotoa "namba ya chini" ya kila nodi: zamu ndogo kuliko zote miongoni mwa nodi za tawi lake na zile ambazo tawi hilo linazigusa kwa kiungo kisicho cha mti. Njia hii, waliyoichapisha wanasayansi wa kompyuta Hopcroft na Tarjan mwaka 1973, huchukua muda unaolingana na jumla ya nodi na viungo. Chukua viungo 1–2, 2–3, 3–1, 3–4, 4–5, 5–6 na 6–4. Ukianzia 1 na kupitia 2, zamu zinalingana na majina. Namba ya chini ya 2 na 3 ni 1, na ya 4, 5 na 6 ni 4.

Hatua ya 3. Sasa jibu swali. Ikiwa a iko nje ya tawi la x (zamu yake haimo kati ya zamu ya x na zamu ya mwisho ya tawi hilo), iweke katika kundi la juu. Ikiwa imo ndani, mtafute mtoto m wa x ambaye tawi lake limebeba a: namba ya chini ya m ikiwa ndogo kuliko zamu ya x, a ni ya kundi la juu, la sivyo ni ya kundi la m peke yake. Fanya vivyo hivyo kwa b, kisha linganisha makundi. Zingatia sana hali ya namba hizo mbili kuwa sawa, maana hapo ndipo wengi hukosea: tawi linaishia kumgusa x, ambaye tayari amezimika, kwa hiyo limekatika. Ndivyo 4 ikizimika inavyoitenga 6 na 1, ilhali 2 ikizimika haitengi chochote.

Kimantiki, umepata kihusishi kimoja, yaani kauli iliyo kweli au uongo kwa nodi unazoipa: "a na b zimeungana bila x". Mantiki ya daraja la kwanza, ile inayosema tu "kila nodi" au "ipo nodi", yenyewe haiwezi kueleza muunganiko, lakini ikipewa kihusishi hiki inasema hata kwamba grafu ina mzunguko: ipo x yenye jirani wawili tofauti wanaofikiana bila kupitia x.

Usiutumie mti huu kwa nodi mbili zinazozimika pamoja. Katika mzunguko 1–2–3–4–1, kuzima 2 pekee au 4 pekee hakuitengi 1 na 3, lakini kuzizima zote mbili kunazitenga. Kwa maswali machache ya aina hiyo, mimi hupekua upya.