Wakenya wa Minnesota wana hali gani kiuchumi? Namna ya kuwalinganisha na wakazi wengine, hatua kwa hatua

Msimu wa kuomba ruzuku ukifika, kuna chama cha jumuiya kitakachoandika kwenye ombi lake kwamba Wakenya wa hapa wameachwa nyuma kiuchumi. Wiki hiyo hiyo mtu atatuma kwenye kundi la WhatsApp jedwali linaloonyesha Wakenya wamesoma na wana kazi. Ubishi unaanza, na mara nyingi pande zote mbili zimetoa takwimu halali. Wanachotofautiana ni nani wamemhesabu kuwa Mkenya, wamemlinganisha na nani, na kipato wamekigawa kwa watu wangapi. Mambo hayo matatu huamua jibu hata kabla hujafungua kompyuta.

Nimetumia Wakenya wa Minnesota kama mfano. Ukibadilisha nchi ya kuzaliwa na jimbo, hatua ni zile zile kwa Wakongomani wa Texas au Watanzania wa Maryland.

Hatua ya 1: Pakua data

Chanzo ni ACS, utafiti unaofanywa kila mwaka na Idara ya Sensa ya Marekani kwa kuchagua anwani zipatazo milioni 3.5 nchi nzima. Usiishie kwenye majedwali yaliyokwisha kuandaliwa. Unahitaji rekodi za mtu mmoja mmoja, zisizo na majina, na njia rahisi ya kuzipata ni IPUMS, mradi ulioko Chuo Kikuu cha Minnesota penyewe. Ni bure, unajisajili na kueleza unazitaka kwa kazi gani.

Chagua faili la miaka mitano, 2019 hadi 2023. La mwaka mmoja halina Wakenya wa kutosha katika jimbo moja. Tena mwaka 2020 korona ilivuruga ukusanyaji kiasi kwamba Idara ya Sensa haikutoa makadirio yake ya kawaida ya mwaka huo peke yake.

Safu za kuchukua: BPL (mahali pa kuzaliwa; Kenya imetajwa kwenye toleo lake la kina, BPLD), CITIZEN (uraia), ANCESTR1 (asili), LANGUAGE (lugha ya nyumbani), YRSUSA1 (miaka tangu kuingia Marekani), AGE (umri), EDUC (elimu), RELATE (uhusiano na mkuu wa kaya), HHINCOME (kipato cha kaya), INCWAGE (mshahara wa mwaka), POVERTY (umaskini), NUMPREC (idadi ya watu kwenye kaya), UHRSWORK (saa za kazi kwa wiki), WKSWORK1 (wiki za kazi kwa mwaka), OWNERSHP (umiliki wa nyumba), RENTGRS (kodi ya nyumba), PUMA (eneo), na uzani wote wawili, yaani namba inayosema rekodi moja inawakilisha wangapi: PERWT na HHWT. Mimi hutumia R, programu ya takwimu, kwa kuwa hailipiwi. Kama hujawahi kuigusa, IPUMS ina kikokotoo cha mtandaoni kiitwacho SDA ambacho kitakufikisha karibu nusu ya safari.

Hatua ya 2: Amua Mkenya ni nani

Hapa usiwe na haraka. Wengi huchuja tu "aliyezaliwa Kenya" na kuendelea. Hebu tazama ni akina nani wanaingia kwenye chujio hilo.

Yumo muuguzi kutoka Kisii aliyekuja kwa bahati nasibu ya grinkadi. Bahati nasibu hiyo humtaka mshindi awe amemaliza sekondari, au awe na uzoefu wa miaka miwili katika kazi inayohitaji mafunzo, kwa hiyo watu wake wamekwisha kupitishwa kwenye chekecheke. Yumo kijana aliyezaliwa kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab kwa wazazi Wasomali. Kambi hizo zilifunguliwa 1991 na Kakuma ikafuata 1992, hivyo kuna kizazi kizima cha wakimbizi ambacho kwenye safu ya BPL kimeandikwa Kenya. Wengi wa familia hizo waliishia Minneapolis, na mkimbizi hakuulizwa cheti cha sekondari ndipo apokewe. Yumo Mhindi wa Parklands, Nairobi. Yumo pia mtoto wa wamishenari Wamarekani aliyezaliwa hospitali ya Kijabe.

Ukiwachanganya wote hao utapata tarakimu, lakini si ya jumuiya yoyote inayojijua kuwa jumuiya.

Wa Kijabe ndiye rahisi kumtoa: CITIZEN inawatenga waliozaliwa nje kwa wazazi Wamarekani. Kuhusu Dadaab na Kakuma, soma ANCESTR1 na LANGUAGE kwa pamoja. Aliyeandika asili ya Kisomali, au anayeongea Kisomali nyumbani, mweke kundi lake. Njia hii ina mipaka. Wasomali wa Garissa na Wajir ni Wakenya kwa vizazi, nao watahamia kundi hilo. Na wapo wengi wanaojibu swali la asili kwa neno "Mwafrika" basi. Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili, mara ya kwanza na wote waliozaliwa Kenya, mara ya pili baada ya kuwatenga wenye asili au lugha ya Kisomali, kisha chapisha zote mbili. Pengo kati ya matokeo hayo mawili ni habari kamili yenyewe.

Tatizo hili si la Kenya peke yake. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao Marekani ilianza kuwapokea kutoka Tanzania katikati ya miaka ya 2000, walikuja na watoto waliozaliwa makambini Kigoma. Kwenye data watoto hao wanahesabiwa kama wazaliwa wa Tanzania.

Hatua ya 3: Chagua wa kulinganishwa nao

"Wakazi wote wa Minnesota" ni kipimo kibovu, ingawa ndicho kinachotumiwa sana. Wakenya wako hasa kwenye miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul na viunga vyake, Brooklyn Park ikiwemo. Mishahara huko ni ya juu kuliko vijijini kaskazini, na kodi ya nyumba vilevile. Ukilinganisha na jimbo zima, unalinganisha mtu wa jijini na mkulima wa soya.

Tumia PUMA, maeneo ya takwimu yenye watu wasiopungua laki moja kila moja. Kusanya yale ya miji pacha na uwe na safu tatu kwenye jedwali: waliozaliwa Kenya, waliozaliwa Marekani, na wahamiaji wengine wote. Ile ya tatu usiiache, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama unachokiona ni jambo la Wakenya au ni jambo la kila mgeni.

Hatua ya 4: Hesabu kwa kaya, kisha gawanya kipato

Ukihesabu umaskini kwa mtu mmoja mmoja, watoto wa Wakenya waliozaliwa hospitali za Minneapolis wanatoka kwenye kundi la Kenya na kuingia kwa waliozaliwa Marekani. Kundi lako linabaki la watu wazima wanaofanya kazi na linaonekana lina nafuu kuliko lilivyo, huku umaskini wa watoto wao ukihesabiwa kwa jirani. Dawa yake ni kutumia kaya: kila anayeishi kwenye kaya ambayo mkuu wake amezaliwa Kenya ni wa kundi la Kenya, hata kama alizaliwa juzi. RELATE itakuonyesha mkuu wa kaya. Waishio mabweni, jela na nyumba za wazee watoe kabisa.

Sasa kipato. Tuseme kaya A ina dola 90,000 na watu sita: baba, mama, watoto watatu na bibi aliyekuja kulea. Kaya B ina dola 60,000 na watu wawili. Kwa HHINCOME kavu, A inaongoza. Ukigawa kwa idadi ya watu, A inabaki na 15,000 kwa kila mtu na B 30,000, lakini hapo umeionea A, kwa sababu watu sita hawahitaji majiko sita wala bili sita za kupasha nyumba joto mwezi wa Januari. Njia ya kati, ambayo OECD, shirika la nchi zilizoendelea, pia huitumia, ni kugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu:

kaya$sawa <- kaya$HHINCOME / sqrt(kaya$NUMPREC)

A inapata 36,742 na B inapata 42,426. B bado iko juu, ila pengo ni la kuaminika zaidi. Kabla ya mstari huo ondoa HHINCOME yenye 9999999. Hiyo ni alama ya "haipo", na ukiisahau utapata Wakenya mabilionea.

Hatua ya 5: Weka uzani na ujijaribu

Kila rekodi inawakilisha watu wengi. Tumia HHWT ukihesabu kaya na PERWT ukihesabu watu. Kisha, kabla ya kugusa Wakenya, tafuta mediani ya kipato cha kaya kwa Marekani nzima. Mediani ni kipato cha kaya ya katikati ukizipanga zote kutoka maskini hadi tajiri. Idara ya Sensa ilichapisha dola 78,538 kwa 2019–2023. Yako haitalingana hadi dola ya mwisho, kwa kuwa faili la umma ni sehemu tu ya sampuli yao, lakini ikitofautiana kwa maelfu, rudi nyuma ukatafute kosa. Wastani wa kawaida uache. Tajiri mmoja wa Lake Minnetonka anatosha kuuharibu.

Hatua ya 6: Umaskini

POVERTY inaeleza kipato cha familia kama asilimia ya mstari wa umaskini. Zaidi ya 0 na chini ya 100 ni maskini. 0 yenyewe maana yake hawakupimwa. Mwaka 2023 mstari huo ulikuwa dola 30,900 kwa familia ya watu wazima wawili na watoto wawili. Ulibuniwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky kwa kukadiria gharama ya chakula na kuizidisha mara tatu, na hadi leo ni mmoja kwa Minneapolis na kwa vijiji vya Mississippi. Kwa hiyo toa pia asilimia ya walio chini ya 200. Katika uzoefu wangu hapo ndipo familia za wahamiaji wanaofanya kazi hujazana: si maskini kwa serikali, na kodi ya nyumba bado inawatoa jasho.

Hatua ya 7: Hesabu saa, si mshahara tu

Hatua hii watafiti wengi huiruka, na kwa Wakenya ndiyo yenye habari. Anayefanya kazi kwenye nyumba za kutunza wazee anajua kupiga dabo maana yake nini: unamaliza shifti ya mchana, unaingia ya usiku, pengine kwa mwajiri mwingine upande wa pili wa mji. Mwisho wa mwaka mshahara wake unasomeka kama wa fundi mwenye cheti.

Watu wawili wana INCWAGE ya dola 62,400. Mmoja alifanya saa 40 kwa wiki, wiki 52: dola 30 kwa saa. Mwingine alifanya saa 60: dola 20 kwa saa. Kwenye jedwali la kipato wako sawa kabisa.

Gawa INCWAGE kwa WKSWORK1 mara UHRSWORK, kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64 waliofanya kazi. Halafu rudia kwa walio na digrii peke yao. Mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Nairobi anayewaosha wazee na kuwalisha ataonekana hapo, na swali la kwa nini vyeti vyake havijamfikisha mbali litakuwa na tarakimu ya kulishikilia.

Hatua ya 8: Umri na miaka ya kukaa

Miongoni mwa waliozaliwa Marekani wamo wastaafu wengi. Kwa Wakenya ni wachache. Linganisha ndani ya rika moja: 25–34, 35–44, na kuendelea. Kisha gawa Wakenya kwa YRSUSA1: chini ya miaka 5, 5 hadi 14, na 15 kwenda juu. Ukiona wa zamani wana hali bora, usiseme haraka kwamba muda ndio uliowainua. Waliokuja na viza za wanafunzi miaka ya tisini si watu wale wale waliotua mwaka juzi, na walioshindwa wakarudi nyumbani hawamo kwenye data.

Hatua ya 9: Ukingo wa makosa

Tuseme umaskini wa Wakenya umetoka asilimia 14, ukingo wa makosa 5 (yaani jibu la kweli linaweza kuwa juu au chini kwa 5), na wa wenyeji asilimia 10, ukingo 0.4. Majedwali ya ACS hutumia uhakika wa asilimia 90, hivyo gawa kila ukingo kwa 1.645 upate kosa sanifu: 3.04 na 0.24. Zipige mraba, jumlisha, tafuta kipeuo: 3.05. Tofauti ni 4. 4 kwa 3.05 ni 1.31, chini ya 1.645 inayotakiwa kwa uhakika huo. Huwezi kusema Wakenya ni maskini zaidi. Unaweza kusema tu kwamba data hizi hazijaonyesha tofauti. Kwa makadirio yako mwenyewe, ukingo huo upate kwa safu 80 za uzani wa marudio, ambazo unazichagua ukipakua data: REPWTP kwa watu, REPWT kwa kaya. Kifurushi cha survey kwenye R kinazielewa.

Kundi lenye rekodi ghafi, yaani kabla ya kuweka uzani, chini ya 100 mimi silichapishi.

Hatua ya 10: Andika ambacho data haikioni

ACS haiulizi fedha ulizotuma nyumbani. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu dola bilioni 4.19 zilizoingia kutoka ughaibuni mwaka 2023, na Marekani ndiyo inayoongoza kwa kutuma. Karo ya mdogo wako, dawa za mama na harambee ya mazishi vyote vimehesabiwa humu kama kipato chako ulichokula Minnesota. Ploti ya Kitengela nayo haionekani, kwa hiyo OWNERSHP itakusoma mpangaji asiye na mali. La kwanza linawafanya Wakenya waonekane na nafuu kuliko walivyo, la pili linafanya kinyume, na hakuna safu ya kukuambia lipi ni zito. Yaandike yote mawili chini ya jedwali, pamoja na idadi ya rekodi ghafi, jina la faili, na maelezo ya nani umemwita Mkenya. Ukituma kwenye kundi, tuma na msimbo wako wa R, ili wa ubishi wa pili aanzie hapo.