Mvua zimekata, anza kusafisha kuzunguka nyumba kabla moto haujaja

Haya wakuu, mvua ndo zimekata, nyasi zinaanza kuwa za njano, na kama kawaida yetu watu wa Mufindi, Njombe, Makete mpaka Kilolo tutajisahau hadi Septemba ndo tuanze kukimbizana na moto, matawi mabichi mkononi. Hii kazi inafanywa sasa, mwisho wa mwezi wa 5 mpaka wa 6, nyasi zikiwa hazijakauka sana, maana zikishakauka kabisa hata kufyeka kwenyewe kuna hatari, kwanja likigonga jiwe mchana wa jua kali na upepo ile cheche moja inakutosha.

Sasa watu wakisikia kinga ya moto akili inaenda moja kwa moja kwenye barabara ya moto, ule ukanda unaosafishwa ili moto usivuke, kule mpakani mwa shamba la miti. Wanalima kule, wanarudi nyumbani wamechoka, huku kuni za miezi mitatu zimeegeshwa ukutani chini ya dirisha. Aisee moto mkubwa wa misindano (mipaini) hauji kwa kutambaa tu, unarusha. Upepo wa Septemba unabeba magome ya milingoti (mikaratusi) na majani yakiwa yanawaka, yanapita juu ya barabara ya mita 10 kama haipo, yanaweza kutua hata kilomita moja mbele, na nyumba nyingi zinashika kwa hizo cheche kabla moto wenyewe haujafika. Kwa hiyo anzia ukutani kwenda nje. Mpakani utafika baadae.

Mita 2 za kwanza kutoka ukutani pasiwe na kitu kinachowaka, namaanisha hakuna kabisa. Kuni, mabua, mbao zilizobaki kwenye ujenzi, gunia la mkaa, kochi bovu lililotolewa nje, dumu la petroli ya pikipiki, vyote vihame, kuni zikae angalau mita 10 na ikiwezekana zisikae upande wa chini ya mteremko. Ule uwanja wa udongo ambao bibi anaufagia kila asubuhi mpaka unang'aa, vijana wakija likizo wanasema mbona hamjapanda maua, huo uwanja ndo kinga nzuri kuliko zote, muacheni bibi afagie. Ukitaka ukoka pale karibu sawa, ila uwe mfupi na unaumwagilia, ukikauka ni nyasi kama nyasi nyingine.

Ukiwa hapohapo pandisha ngazi uangalie juu. Gata likiwa limejaa majani ya misindano hiyo ni tambi ya koroboi umeiweka kwenye paa. Halafu angalia pale mabati yanapokutana na ukuta, nyumba zetu nyingi pana uwazi mkono unapita, cheche zinaingia humo zinakuta mbao za kenchi na vumbi na viota vya ndege, na we uko nje unahangaika na nyasi huna habari kwamba ndani ya dari kumeshashika. Ziba kwa simenti au hata udongo, na pale unapotaka hewa ipite weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, ule wa plastiki usiuweke unayeyuka. Kama jiko la nje limeezekwa nyasi na liko hatua chache kutoka nyumba ya bati, basi ukipata hela kidogo weka bati jikoni kwanza kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kutoka hapo mpaka mita 10 nyasi zisipite kifundo cha mguu, sentimita 10 hivi. Miti ukiwa nayo humo sio lazima uikate yote, ila matawi ya chini yaondoke mpaka mita 2 kutoka ardhini, kwa mti mdogo usizidishe theluthi ya urefu wake utauumiza. Shida ya msindano ni kwamba matawi ya chini yanakufa yenyewe lakini hayadondoki, yanabaki pale makavu, moto wa nyasi ambao ungepita chini unapata ngazi ya kupanda juu, na ukishafika juu hakuna ndoo ya maji itakayosaidia. Tawi lolote lililolala juu ya bati, toa. Uzio wa mikrismasi ulioungana na kona ya nyumba, ukate uachie nafasi, kwa nje ni wa kijani lakini ingiza mkono ndani utaona ni majani makavu matupu.

Mianzi sasa. Najua hapa nagusa pabaya. Sisemi mtu akate mianzi yake, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ni ulanzi, lakini kichaka cha mianzi ambacho hakijaguswa miaka kadhaa kiko nyuma ya nyumba ni balaa, ile miti iliyokufa imesimama katikati, maganda yamejaa chini mpaka unazama mguu, na ikiwaka inapasuka kwa kishindo na kurusha vipande vinavyowaka huku na kule. Toa iliyokufa yote, kwangua maganda na majani mpaka uone udongo, acha mibichi iliyosimama kwa nafasi. Kazi yenyewe ina vumbi na inawasha, funga kitambaa puani.

Kuanzia mita 10 mpaka 30 hapo unapunguza tu, huhitaji kufanya jangwa. Vichaka vilivyo chini ya miti viondoke, miti iachane vichwa visigusane, nyasi ndefu zifyekwe. Kama nyumba iko juu ya mteremko, na kwetu ni nani hayuko mteremkoni, upande wa chini ongeza, nenda hata mita 50 ukiweza. Moto unapanda kilima haraka kuliko unavyoshuka, mteremko ukiongezeka nyuzi 10 mwendo wake unakaribia kuwa mara mbili. Ila tafadhali huku mteremkoni usilime na jembe ukaacha udongo mtupu kila mahali, mvua za Novemba zikija utapoteza udongo wote uende mtoni. Fyeka chini kabisa, mizizi ibaki.

Mpakani sasa ndo utengeneze barabara ya moto. Mimi nashauri isipungue mita 6, na palipo na mteremko au nyasi ndefu fanya 10. Hapa lazima ufike kwenye udongo, na watu wengi ndo wanapofanya nusu kazi, wanafyeka nyasi wanaona pameshakuwa peupe, kumbe chini ya misindano kuna tabaka la majani limeoza nusu, moto unapita humohumo chini polepole unatokea upande wa pili masaa manne baadae watu wameshaenda kulala. Chukua reki, vuta mpaka uone udongo wenyewe. Kama una kinyungu, yaani bustani ya kiangazi bondeni, una bahati, mboga zako za kiangazi zina maji na kijani, kitumie kama sehemu ya kinga. Lakini usikiandae kwa kuchoma, tunajua mioto mingapi huku inaanzia vinyunguni.

Takataka ulizotoa usizirundike chini ya miti halafu ukasema umesafisha. Nyasi mpe ng'ombe, au tandaza shambani mbali na nyumba, au tengeneza mboji, matawi makubwa ni kuni. Ukiona lazima uchome, nenda kwanza ofisi ya kijiji kwa mtendaji, Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali na vijiji vingi vina sheria ndogo zao na faini zake. Mwambie na jirani. Choma jioni upepo ukiwa umetulia, rundo dogodogo, umeshakwangua kulizunguka pande zote, watu wa kutosha wana maji na matawi mabichi na majembe. Washa upande ule upepo unakoelekea ili moto urudi nyuma dhidi ya upepo, utaenda taratibu na utaumudu. Ukizima usiondoke, chimbua na kumwagia maji, weka kiganja juu ya majivu bila kugusa usikie joto, angalia visiki hasa maana mzizi unaweza kuwaka chini kwa chini siku kadhaa. Asubuhi rudi uangalie tena.

Raundi ya pili ni mwezi wa 8, fupi tu, majani yameshadondoka upya, gata limejaa tena, nyasi zimechipua. Hapo ndo ujaze pipa la maji, ngazi uiweke nje sio ndani ya stoo iliyofungwa, na namba ya Zimamoto 114 kila mtu nyumbani aijue, hata mtoto. Wapigie mapema ukiona moshi, usisubiri moto ufike mpakani, gari lenyewe linatoka mbali.

Kimebaki kitu kimoja kinachosumbua kila kijiji, shamba la jirani ambaye yuko Dar. Alinunua, akapanda, hajaonekana tena, nyasi zimefika kifuani na zimepakana na wewe. Usigombane nae kwenye simu. Piga picha nyasi zikiwa na nyumba yako inaonekana nyuma, mtumie WhatsApp, mwambie miti yake ndo itaungua kwanza na mpe bei ya vibarua. Akigoma, peleka picha hizohizo kwa mtendaji iandikwe kwamba ulitoa taarifa. Huku unasubiri ongeza mita zako upande wako. Lakini kwa nilivyoona, mtu akishaiona ile picha na kukumbuka miti yake ina miaka 9, hela ya vibarua inaingia siku hiyohiyo.