Somo: Kumfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kukaa wima

Wazazi na walezi, hapa Mwanza naona sana jambo hili: mtoto akikalishwa, mkono wa mama unakimbilia kwapani na kubaki hapo. Mtoto anaonekana amekaa, lakini kazi yote inafanywa na mkono. Mkao unaanzia kwenye nyonga, tuanzie huko.

Hatua ya 1. Tafuta stuli fupi. Nyayo zote zikanyage chini, visigino vikiwemo, nyonga na magoti yakunje nyuzi 90. Stuli ikiwa ndefu, weka ubao chini ya miguu. Miguu ikining'inia, mtoto aliyekaza misuli hujinyoosha na kuteleza.

Hatua ya 2. Hii ndiyo kubwa. Keti nyuma yake, shika nyonga kwa viganja viwili, zielekeze chini taratibu mpaka makalio yote mawili yabebe uzito. Tazama fulana yake mgongoni: mikunjo ikijaa ubavu mmoja, ujue kiwiliwili kimepinda upande huo. Kama shingo bado inaanguka, anza kumshika kifuani. Kadiri anavyojimudu teremsha mikono: mbavuni, kiunoni, mwisho nyongani. Msiruke, na msibaki juu kwa huruma.

Hatua ya 3. Mpe sababu ya kusogea. Boya la nyavu lililooshwa vizuri, kubwa lisiloingia mdomoni, linatosha. Liweke mbele yake, kisha pembeni, mbali kidogo ya mkono. Akiyumba usimdake papo hapo. Mikono iwe karibu, mwachie nafasi arudi mwenyewe. Katika kule kuyumba na kurudi ndimo mwili unamojifunza.

Hatua ya 4. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku, akiwa ameshiba na hajachoka. Na nawasihi sana: uji anyweshwe akiwa amekaa, kidevu kimeinama kidogo. Akilazwa chali, uji unaweza kuingia mapafuni.

MASWALI

Mama, Igoma: Mwanangu wa miaka 3 hukaa magoti mbele, miguu kaitupa nje pande zote. Nimkataze?

Usimgombeze, mama. Mkao huo unampa msingi mpana asianguke. Ila akikaa hivyo kutwa, nyonga hugeukia ndani na kiwiliwili hakifanyi kazi. Mhamishie kwenye stuli. Kumnyooshea miguu mkekani huenda kusisaidie: misuli ya nyuma ya mapaja ikikaza, inamvuta aanguke nyuma.

Bibi, Ukerewe: Mjukuu wangu akikakamaa tunamnyoosha kwa nguvu, anapiga kelele.

Shikamoo bibi. Tafadhali acheni kuvuta, mwili unajibu kwa kukaza zaidi na mnaweza kumuumiza. Mkunjeni kwanza nyonga na magoti, mgeuzeni ubavu, subirini alegee. Kama analia hata akibadilishwa nepi, au mguu mmoja unaonekana mfupi, apigwe picha ya nyonga. Kwa mtoto asiyetembea, nyonga inaweza kuteguka polepole bila kuanguka popote. Mkivuka kuja Mwanza, mpelekeni hospitali ya Bugando, ulizieni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.