Zege lisilo na nondo: osha kokoto kwanza

Ukimwaga zege la uani au njia ya gari bila nondo, tumia kokoto za kupondwa na uzioshe vumbi kabla ya kuchanganya. Zege likikandamizwa ni imara sana, ila likipindwa hubakiwa na kama asilimia 10 hadi 20 tu ya nguvu hiyo. Gari likipita, upande wa chini wa zege unavutwa, na ufa huanzia pale saruji iliposhikana na jiwe. Kokoto yenye kingo inashikwa vizuri. Ya mtoni iliyo laini huchomoka, na yenye vumbi haishikwi sawasawa. Angalia zege lililovunjika: ukiona vishimo laini vya kokoto zilizochomoka, mshiko ulikuwa hafifu.

Ukishaosha kokoto, ziache zichuje maji. Maji yote, pamoja na unyevu wa mchanga, yasizidi lita 25 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana kokoto zenye kingo hufanya zege liwe zito kusambaza na fundi huongeza ndoo ya maji. Likiwa zito mno, ongeza saruji na maji kwa uwiano uleule.

Zege likiachwa likauke juani bila kumwagiliwa angalau siku 7, kuosha hakutasaidia. Na kwenye slabu ya ghorofa, nondo ni lazima.