Somo: Kumtambua bakteria wa nimonia kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu

Nimeona heri niandike mara moja, kwani swali la "makohozi yameota Haemophilus (bakteria anayeweza kuleta nimonia), je, tutibu?" limejibiwa hapa hadi limechosha.

1. Chukua makohozi kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ila usimcheleweshee mahututi dawa.

2. Yafike maabara ndani ya saa 2.

3. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kabla ya kuotesha, paka sehemu yenye usaha kwenye slaidi, itie rangi ya Gram na uitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Chembe nyeupe zikizidi 25 na chembe bapa za kinywani zikiwa pungufu ya 10 kwa kila eneo unalotazama, hayo ni makohozi. Chembe bapa zikitawala, umeletewa mate, na ukiyaotesha utawaandikia dawa wakazi wa kinywa. Onyo: mapafu yaliyochakazwa na sigara, moshi wa kuni au kifua kikuu cha zamani huweza kumhifadhi Haemophilus influenzae hata mgonjwa akiwa hana nimonia, kwa hiyo kuota pekee hakumtii hatiani, ushahidi hupata uzito pale vijiti vifupi vyekundu (ndivyo Haemophilus aonekanavyo kwa rangi ya Gram) vinapojaa katikati ya usaha huohuo, na eksirei ikaonyesha doa jipya.

4. Otesha kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya damu ya kondoo na agari ya chokoleti (yenye damu iliyopashwa moto), nyuzijoto 35 hadi 37, kaboni dioksidi asilimia 5.

5. Nimokoki (Streptococcus pneumoniae): humtambua kwa optokini, kemikali inayomzuia kuota; duara tupu kuzunguka diski yake ya milimita 6 liwe la milimita 14 au zaidi.

Swali: Mkuu, mgonjwa anatoa makohozi ya kijani, nimpe dawa gani?
Jibu: Rangi ya makohozi haimtaji bakteria. Rudi hatua ya 3.

Swali: Tuna agari ya damu ya kondoo pekee, na Haemophilus hatumpati kamwe. Kwa nini?
Jibu: Umeuliza vyema. Damu hiyo ina kimeng'enya kinachoharibu NAD, kirutubisho ambacho Haemophilus anakihitaji ili aote. Tunapoipasha moto kutengeneza chokoleti, kimeng'enya hufa na NAD hutoka ndani ya seli. Kwa sasa, chora mstari mmoja wa bakteria Staphylococcus aureus juu ya sahani uliyokwisha kupandikiza; Haemophilus atachipua kama vitone vidogo kandokando ya mstari huo.

Swali: Na asiyeweza kukohoa kitu?
Jibu: Mvukizie maji ya chumvi ya asilimia 3 kwa nebulaiza, ukitanguliza salbutamoli kwa kuwa chumvi hubana njia za hewa. Mfanyie penye hewa ya kutosha, nawe uvae barakoa ya N95, na sehemu ya makohozi hayo uipeleke GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu.